Ndege Isiyoonekana na Daftari Lisiloonekana



Siku moja nalikuwa nikifundisha habari za sauti na mwangwi, kijana mmoja wa darasa la saba akanyosha mkono, akaniuliza, "Mwalimu, nimeona katika simu ya kaka yangu picha ya ndege ya vita ya Marekani isiyoonekana. Kama haionekani, mpiga picha aliionaje?" Darasa zima likacheka, nami nikacheka pamoja nao. Walakini jioni, nilipokuwa nikirudi nyumbani hapa Ngokolo, nikaona ya kuwa swali lile halikustahili kuchekwa. Maana kila tukisikia kwamba kitu kimefichwa, yatupasa kuuliza kwanza: hakionekani kwa nani? Swali hilo ndilo ninalotaka kulitazama leo, kwanza katika ndege yenyewe, kisha katika gharama yake, na mwisho katika mwenendo wetu sisi wenyewe.

Nianze na ndege. Ndege hii yaonekana kwa macho kama ndege nyingine yoyote ikipita karibu. Kisichoiona vema ni rada. Rada ni chombo kinachotupa mawimbi ya redio angani, kisha hungoja mwangwi. Mwangwi ukirudi, mlinzi hujua ya kuwa kule mbali kipo kitu, tena hujua umbali wake na njia yake. Mtoto mchungaji wa huku kwetu Usukumani aijua kazi hiyo pasipo kusoma kitabu. Akisimama mbele ya mawe makubwa ya nchi yetu, akapiga ukelele, sauti yake humrudia. Lakini akiwa mbele ya jiwe lililokaa upande, sauti hutupwa kwingine, naye hasikii kitu. Na akipiga ukelele huo mbele ya lundo la pamba ghalani, sauti humezwa na pamba.

Waundaji wa ndege hizi wamelichukua jiwe la upande na lundo la pamba wakaviunganisha pamoja. Umbo la ndege limekatwa kwa pembe zilizopimwa, ili mawimbi ya rada yatupwe kando yasirudi kwa aliyeyatuma. Ngozi yake imepakwa vitu vinavyomeza mawimbi. Mabomu na makombora huchukuliwa tumboni, hayaning'inii chini ya mabawa, maana kila kinachoning'inia huleta mwangwi. Tundu la kuingizia hewa limepindwa ili mapanga ya injini yasitazamane na rada. Wajuzi wasema kwamba baadhi ya ndege hizo, japo zina urefu wa mita kumi na tano au zaidi, hurudisha mwangwi mdogo kama wa gololi achezeayo mtoto. Si kwamba mwangwi haupo kabisa. Upo, ila ni mdogo mno hata mlinzi hautambui, au autambua akiwa amekwisha kuchelewa.

Jambo la ajabu ni hili, kwamba siri hiyo kubwa ilizaliwa na kitabu kilichokuwa wazi. Mwaka 1962 mtaalamu wa Kirusi, Pyotr Ufimtsev, alichapisha kazi ya hesabu kueleza jinsi mawimbi yanavyotawanyika yakigonga kingo za vitu. Wakubwa wa nchi yake hawakuona faida yake katika vita, wakamwacha aichapishe. Wamarekani wakaitafsiri, na baada ya miaka kadhaa mafundi wa kampuni ya Lockheed wakaona humo ufunguo walioutafuta. Ndege yao ya kwanza ya namna hiyo iliyotumika vitani, F-117, iliruka mara ya kwanza mwaka 1981. Serikali ya Marekani haikuitangaza mbele ya watu wake hata mwaka 1988. Kwa miaka saba watu walilipa kodi kwa ajili ya ndege wasiyoambiwa kuwa ipo.

Katika vita vya Iraq vya mwaka 1991 ndege hiyo ilipata sifa nyingi. Lakini tarehe 27 Machi 1999 ikaangushwa katika nchi ya Serbia, kwa kombora la aina iliyobuniwa zamani, karibu na mwaka 1960. Mkuu wa kikosi kilichoiangusha, Zoltán Dani, alikuwa na rada ya zamani yenye mawimbi marefu. Mawimbi marefu hayadanganywi sana na umbo la ndege. Tena ndege zile zilikuwa na mazoea ya kupita njia zilezile. Rubani, Dale Zelko, aliruka kwa mwavuli akaokolewa na wenzake. Miaka zaidi ya kumi ikapita, vita vikaisha, Dani akawa mwoka mikate kijijini kwao. Ndipo Zelko akasafiri kwenda kumwona, wakawa marafiki. Wale waliotafutana gizani wasionane, walipoonana uso kwa uso hawakuwa na sababu ya kuchukiana.

Sasa nije kwenye gharama. Baada ya F-117 Wamarekani waliunda F-22. Walikuwa wamekusudia kuwa nazo mamia mengi. Bei ikawa kubwa hata wakakomea kwenye 187 za kazi, na kiwanda kikaacha kuziunda mwaka 2011. Ikafuata F-35, ambayo nchi nyingi rafiki za Marekani zimeinunua. Hata mwanzo wa mwaka 2024 zilikuwa zimekwisha kuundwa ndege 1,000. Hii si ya kujificha tu, bali ni ya kuona. Imejaa macho pande zote, na kofia ya rubani humwonyesha yaliyo chini ya miguu yake kana kwamba sakafu ya ndege ni kioo. Kofia moja bei yake ni kama dola 400,000.

Ndege moja ya F-35, ile ya kuruka katika viwanja vya kawaida, imekuwa ikinunuliwa kwa dola milioni 80 hivi. Tukihesabu shilingi 2,500 kwa dola moja, hizo ni shilingi bilioni 200. Mwaka 2021 serikali yetu ya Tanzania ilijenga madarasa 15,000 kwa fedha za mkopo wa kupambana na maradhi ya UVIKO-19, na kila darasa lilikadiriwa shilingi milioni 20. Basi ndege moja ni sawa na madarasa 10,000, na ndege moja na nusu ni sawa na madarasa yote yale yaliyojengwa nchi nzima. Kuirusha kwa saa moja hugharimu zaidi ya dola 30,000, yaani karibu na madarasa manne. Mwalimu akimaliza vipindi viwili vya hesabu, madarasa manne yamekwisha kupita juu ya mawingu.

Wala kununua si mwisho wa gharama. Ngozi ile yataka kutunzwa kwa uangalifu mkubwa, na vipuri ni ghali. Wakaguzi wa hesabu wa Marekani walipopima mwaka 2023 waliona kwamba ndege za F-35 zilikuwa tayari kwa kazi kwa kiasi cha asilimia 55 tu ya wakati. Mwaka 2024 walikadiria kwamba kuziunda na kuzitunza hata mwisho wa maisha yake kutagharimu zaidi ya dola trilioni 2. Yafaa niseme wazi kwamba fedha hizo si zetu, wala Mmarekani hakuahidi kutujengea madarasa kwa fedha hizo. Nimezipima kwa madarasa kwa sababu mtu hupima kitu kigeni kwa kipimo cha nyumbani. Na hapa pana jambo la kuangalia: tunazijua hesabu hizi kwa kuwa wakaguzi wao wamezichapisha, kila mtu azisome, hata mwalimu wa Shinyanga. Ndege imejificha, lakini bei yake imetolewa nje. Hilo tulikumbuke, maana nitalirudia.

Na wakati ujao wa ndege hizi je? Wapo wasemao kwamba zitatawala anga kwa muda mrefu, na wapo wasemao kwamba siku zake zahesabika. Mataifa makubwa hayajachoka. China iliirusha J-20 mwaka 2011; Urusi ina Su-57; na mwezi wa Machi 2025 Marekani iliichagua kampuni ya Boeing kuunda ndege mpya iitwayo F-47, ambayo imekusudiwa kufuatana na ndege nyingine zisizo na rubani. Lakini upande wa pili nao haulali. Rada za mawimbi marefu zatengenezwa upya, rada nyingi zaunganishwa zisikilize pamoja, na vyombo vya kuona joto vyanolewa, maana injini haiwezi kukosa joto. Tena tarehe 1 Juni 2025 Waukraine walizipiga ndege kubwa za Warusi viwanjani mwake kwa ndege ndogo zisizo na rubani, zilizofichwa katika vibanda vya mbao juu ya malori. Kujificha kule hakukuhitaji ngozi ya thamani wala kiwanda cha miaka ishirini. Kulihitaji lori na paa la kufunguka. Yamkini basi kujificha kutaendelea kuwako vitani, ila si kwa bei hii wala kwa umbo hili.

Hayo ni ya ufundi. Sasa nauliza la maadili: je, ni halali kujificha? Wengine wasema silaha inayopiga bila kuonekana ni ya mwoga, kwamba shujaa hutoka mbele ya adui wake. Maneno haya ni mazuri kuyasikia, lakini sidhani kwamba ni ya kweli. Mwindaji huficha harufu yake kwa kufuata upepo, wala hakuna amwitaye mwoga. Mama aliyemficha mtoto wake wakati wa vita hakutenda uovu. Anayevamiwa hana wajibu wa kumwonyesha mvamizi mahali alipo.

Tena sisi watu wa kanda hii hatuwezi kusema ya kuwa habari za anga hazituhusu. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka yakaingia Kagera. Ndege zake zilijaribu kulivunja daraja la Kyaka, zikashindwa, hata likaja kuvunjwa kwa baruti. Mwezi wa Machi 1979, Libya ikimsaidia Amin, ndege yake kubwa ya mabomu ilitumwa kuupiga mji wa Mwanza. Mabomu yakaukosa mji yakaanguka katika kisiwa cha Saanane, mahali palipokuwa hifadhi ya wanyama, yakaua wanyama. Kutoka Saanane hata katikati ya mji si mbali. Kama rubani angalikosea kidogo tu upande wa pili, wangalikufa watu. Mtu anayelikumbuka jambo hilo hatadharau mlinzi wa anga, wala hatasema kwamba nchi maskini haihitaji rada. Zizi la maskini nalo lina ng'ombe.

Basi naona kujificha na adui ni halali, iwapo vita vyenyewe ni vya haki. Lakini kuna kujificha kwa namna nyingine, nako huvaa nguo ya hii ya kwanza. Nieleze kwa mfano wa kwetu. Miaka ya 1980 mwanzoni, wezi wa ng'ombe walipozidi katika nchi za Kahama na Shinyanga, watu walijikusanya wakaunda sungusungu. Walitoka usiku kimya kimya, na pinde na mishale, na filimbi za kuitana. Njia watakayopita hawakuitangaza mnadani, maana mwizi naye huenda mnadani. Mahali walipokaa kuvizia palikuwa siri. Lakini hesabu ya ng'ombe waliorudishwa, na faini zilizotozwa, na michango ya watu, mambo hayo yalikuwa ya mkutano, mchana, chini ya mti, mbele ya wenye mali. Si kwamba jeshi hilo halikuwa na makosa. Palipohukumiwa watu gizani, maovu yalitendeka, na wanawake wazee wengine walisingiziwa uchawi. Na hilo lazidi kulithibitisha neno langu: walinzi walikuwa wema walipomficha mwizi njia yao, wakawa waovu walipowaficha wanakijiji matendo yao.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali la kijana wangu. Hakionekani kwa nani? Kikifichwa kwa adui, ni ulinzi. Kikifichwa kwa yule anayelipa, ni wizi, au ni mlango ulioachwa wazi ili mwizi apite. Na hatari ya silaha za siri ni kwamba pazia lililoshonwa kwa ajili ya adui laweza kuvutwa kidogo kidogo hata limfunike na mwenye mali.

Tazameni mambo mawili yaliyotokea katika nchi zetu hizi. Mwaka 2011 serikali ya Uganda ilinunua kutoka Urusi ndege sita za vita za aina ya Su-30. Hizo si ndege za kujificha na rada. Rada yaziona vizuri. Lakini dola milioni 740 za ndege hizo na vifaa vingine zilitolewa katika akiba ya Benki Kuu ya Uganda kabla Bunge halijatoa idhini. Idhini ilikuja baadaye, fedha zikiwa zimekwisha kutoka. Basi ndege zilionekana kwa kila rada ya jirani, lakini malipo yake yalikuwa hayajaonekana kwa wawakilishi wa walipaji.

La pili ni letu. Mwishoni mwa mwaka 2001 serikali ya Uingereza iliipa kampuni ya BAE ruhusa ya kuiuzia Tanzania rada kwa paundi milioni 28. Benki ya Dunia ilipinga. Clare Short, aliyekuwa waziri wa maendeleo ya ng'ambo wa Uingereza, alipinga. Wataalamu wa shirika la kimataifa la usafiri wa anga waliona kwamba rada hiyo ni ghali mno, wala haifai sana kwa kuongoza ndege za abiria. Hata hivyo ikanunuliwa. Mwaka uleule nchi yetu ilisamehewa sehemu ya madeni yake kwa sababu ya umaskini, na ada ya shule za msingi ikafutwa. Mimi nalikuwa mtoto wa shule ya msingi wakati huo. Wenzetu waliingia shuleni kwa mamia, tukaketi sakafuni, na kitabu kimoja cha kusoma kikazungukwa na vichwa sita au saba. Aliyeketi upande wa juu wa kitabu alijifunza kusoma maneno yaliyopinduka. Nasema kweli, mimi mpaka leo naweza kusoma ukurasa uliopinduliwa.

Baada ya miaka uchunguzi ukafanyika Uingereza. Mwezi wa Desemba 2010 kampuni ile ilikiri mahakamani London. Haikutiwa hatiani kwa kosa la rushwa. Kosa lake lilikuwa kutoandika hesabu ipasavyo, maana mamilioni ya dola yalilipwa kwa wakala wake wa Tanzania, na vitabu vya hesabu havikueleza wazi yalikuwa malipo ya nini. Ikatozwa faini, na ikakubali kutoa fedha kwa faida ya watu wa Tanzania. Mwaka 2012 zikalipwa paundi milioni 29 na nusu, nazo zikapangiwa vitabu na madawati ya shule za msingi. Watu wakaziita chenji ya rada, kama vile mtu aliyekwenda dukani akasahau kungoja chenji yake, akaja kupewa baada ya miaka kumi.

Wakati huo mimi nalikuwa nimeanza kazi ya ualimu. Nilipokuwa nikigawa vitabu vilivyopatikana kwa fedha hizo, msichana mmoja aliniuliza, "Mwalimu, hii rada ni nini, mbona inatupa vitabu?" Nikamweleza habari za mwangwi. Sikumweleza mengine, maana nalikuwa nikiwafikiri wale wenzangu sita waliokizunguka kitabu kimoja. Fedha zilirudi, lakini hazikurudi kwao. Darasa la tano la mwaka ule lilikwisha kupita, na wengine wao waliacha shule wakaenda kuchimba dhahabu Geita, wala hakuna chenji iwezayo kumrudishia mtu mwaka wake wa darasa la tano.

Angalieni sana jambo hili. Rada imeundwa ili ione vilivyojificha. Nasi tulinunua jicho la kuona mbali, na katika kulinunua, karatasi za malipo zikafichwa. Wahenga walinena, mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakusema hupotea kwa vita, wala kwa njaa. Walisema bila habari, yaani hata mwangwi wake hausikiki.

Najua atakuwako msomaji wa kunijibu, "Mwalimu, wewe hujui mambo ya jeshi. Ukitangaza kila kitu, adui atasoma." Jibu hili lina uzito, nami silidharau. Vipo vitu visivyofaa kutangazwa: mahali silaha zilipowekwa, siku zitakapotumika, udhaifu wake, na majina ya wanaozilinda. Lakini adui atapata faida gani akijua bei tuliyolipa? Atapata faida gani akijua kama zabuni ilishindaniwa, na kama wakala alilipwa, na ni kiasi gani? Tena mara nyingi adui na muuzaji wamekwisha kujua, na magazeti ya ng'ambo yamekwisha kuandika. Asiyejua ni mama muuza mchele wa soko la hapa mjini, ambaye kodi yake imo humo. Na mambo yasiyoweza kusomwa hadharani, yaweza kusomwa mbele ya wawakilishi wachache walioapishwa kutunza siri. Wamarekani wenyewe, wenye ndege ya siri kuliko zote, hukaguliwa hesabu zake, na aibu zake huchapishwa. Hapo zamani walipoificha F-117 hata kwa watu wao, hawakuwa mfano wa kuigwa. Wanapochapisha kwamba ndege zao zimesimama karibu nusu ya wakati, hapo yafaa tuwaige.

Nisingependa msomaji adhani nawanyoshea kidole wakubwa tu. Miaka michache iliyopita wazazi wa shule niliyokuwa nikifundisha walinikabidhi daftari la michango ya chakula cha mchana cha watoto. Siku ya mkutano mama mmoja akasimama, akasema, "Mwalimu, samahani, tunaomba utusomee daftari." Nikaona nimevunjiwa heshima mbele za watu. Nikajibu kwa ukali kwamba mambo ya ofisi ni ya ofisi. Sikuwa nimeiba, wasomaji wapendwa. Ila nalikuwa nimechukua fedha za mahindi kidogo nikatengeneza kitasa cha mlango wa ofisi, nikanuia kuzirudisha, nikasahau kuandika. Nilivyojua kwamba pana pengo, nikajificha nyuma ya neno ofisi, kama ndege nyuma ya wingu.

Mzee mmoja, aliyekuwa sungusungu ujanani mwake, akasimama polepole. Akasema, "Mwanangu mwalimu, sisi usiku tulijificha na wezi. Asubuhi tulihesabu mbele ya watu. Wewe sasa ni mchana, nasi si wezi. Wamficha nani?" Sikuwa na jibu. Nikalileta daftari, nikasoma mstari kwa mstari, na pengo likaonekana: shilingi 14,000. Nikazilipa kutoka mfukoni mwangu siku ileile. Nalitazamia kudharauliwa, lakini mwezi uliofuata michango ikaongezeka, maana waliokuwa wakizuia fedha zao hawakuzuia kwa uchoyo, bali kwa mashaka. Tangu siku hiyo hesabu ya chakula hubandikwa ukutani kila Ijumaa, na yule mama ndiye wa kwanza kuisoma.

Kwa hiyo naona swali la ndege ya mabilioni na swali la kitasa cha mlango ni swali moja. Anayetunza mali ya wengine, awe jemadari au waziri au mwalimu mwenye daftari la maharage, atakutana siku moja na sababu nzuri ya kunyamaza. Sababu hiyo yaweza kuwa ya kweli. Lakini na ajiulize lile alilouliza mzee, "Wamficha nani?" Akiona kwamba anamficha adui, na anyamaze na kazi iendelee. Akiona anamficha aliyempa mali, na alilete daftari kabla hajaitwa, kwa maana mficha maradhi kifo humuumbua.

Kesho yake nikamjibu kijana wangu wa darasa la saba. Nikamwambia ya kuwa ndege ile huonekana kwa macho, na kwa mpiga picha, na kwa yeyote aliye karibu nayo. Imefichwa kwa rada ya adui peke yake. Akafikiri kidogo, akauliza, "Na wale waliotoa fedha, wao waliiona?" Nikamwambia swali hilo ni gumu kuliko la jana, wala halijibiwi na mwalimu peke yake. Nimeliandika hapa ili nanyi mlifikiri. Kama yuko msomaji mwenye neno la kunisahihisha au la kunizidishia, na aliandike. Nitalisoma kwa furaha, hata likiwa limepinduka.

Mwalimu, Ngokolo, Shinyanga.